Wagonjwa Wangu Saba wa Kwenye Ramani

Kwa heshima na taadhima napenda kutangaza kwamba mwezi Desemba mwaka 2013, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, niliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Masoko, Mawasiliano na Uhusiano wa Kimataifa wa kliniki ya Masika Shemhilu, mtaalamu wa fiziotherapia, Rosettenville, kusini mwa jiji la Johannesburg. Hafla ya uteuzi ilihudhuriwa na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Ofisi yangu ilikuwa kigoda cha plastiki kilichowekwa kati ya mlango wa choo na ndoo ya kudekia, na jukumu langu la kwanza lilikuwa kudeki.

Masika ni mdogo wake mama yangu, kwa hiyo kwangu ni mama mdogo. Nilitumwa kwake nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, kwa sababu mbili zilizotajwa na moja iliyonong'onwa. Zilizotajwa ni kwamba nikamsaidie na nikaone dunia. Iliyonong'onwa ni kwamba shule yetu ya bweni ya wasichana, huko milimani Lushoto, ilikuwa imemwandikia baba barua kuhusu kengele. Inadaiwa kuna mtu aliigonga saa tisa usiku, bweni zima likaamka, likapiga mswaki na kwenda kujipanga paredi gizani, likiongozwa na matroni wetu, Bi. Biubwa, aliyekuwa bado amevaa kanga mbili na kofia ya kulalia. Nilikana mashtaka hayo mbele ya walimu wote. Mama mdogo naye alilelewa na Bi. Biubwa huyohuyo miaka ishirini kabla yangu. Alipoisoma barua ile alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa dekio.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate la Dona Lurdes, mjane wa Kireno mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara na moyo ambao hakupenda ujulikane. Ndani kulikuwa na kitanda, pazia, mipira mikubwa ya mazoezi, na cheti. Cheti hicho nakiandikia sentensi zake peke yake. Mama mdogo alisomea kazi yake Moshi, akaja Johannesburg, na kwa miaka minane aliogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku akifanya mitihani ya kusajiliwa upya, mmoja baada ya mwingine, hadi wakamkubali. Kila asubuhi alikipangusa cheti kile kabla hajapangusa kitu kingine chochote.

Kilichokosekana ni wagonjwa. Tulikuwa na mmoja, Valentin, Mrundi aliyelinda magari Doornfontein na kusimama saa kumi na mbili kwa siku hadi mgongo ukagoma. Watu wengine waliopanda ngazi zetu walikuwa wanatafuta choo.

Kabla ya Krismasi Dona Lurdes alipanda hadi katikati ya ngazi, akashika reli, akatoa hukumu yake kutoka hapo.

"Masika, nakupenda. Lakini mpwa wangu anataka chumba hiki achore watu tatuu. Kila siku anasema ngazi zako tupu. Ijumaa ya mwisho ya Januari nitakuja kuangalia. Nikiona watu kwenye ngazi zangu, unabaki. Nikiona ngazi, unahama."

Mama mdogo alisema sawa, Dona. Aliporudi ndani alikitazama cheti, akatazama sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Nikaelewa. Chumba kikienda, cheti kitaingia ndani ya sanduku, na yeye atarudi kuogesha wazee.

Hapo ndipo nilipojiteua.

Nilianza kisayansi. Nilichukua simu yangu, nikajifanya mtu wa Rosettenville mwenye kiuno kibovu, nikamuuliza Google ni nani wa kunitibu hapa jirani. Ramani ikanionyesha watu saba. Mmoja alikuwa mbali kiasi kwamba kiuno kingepona njiani. Mama mdogo hakuwemo. Kwa ramani ile, juu ya duka la mikate hapakuwa na kitu ila hewa. Yeye mwenyewe hakujua, maana alitumia simu ya tochi na aliamini kwamba mtu mwenye maumivu atauliza watu.

"Ma'mdogo, siku hizi mtu haulizi watu. Anauliza simu."

"Simu inajua nini kuhusu nyonga?"

"Haijui kitu. Ndiyo maana inabidi tuiambie."

Akaniruhusu, mradi niandike ukweli. Nayanukuu maneno hayo kwa uaminifu ili msije mkasema sikuambiwa.

Kujiandikisha ilikuwa bure, lakini Google hawakuniamini, kama wengi kabla yao. Walisema watatuma kadi kwa posta yenye namba ya siri, kuthibitisha kwamba kweli tuko pale. Tulisubiri wiki mbili na nusu. Mwishowe nikaikuta kadi imebandikwa juu ya tanuri la Dona Lurdes, pembeni ya picha ya Bikira Maria, imekauka kama biskuti. Alidhani ni salamu za sikukuu. Niliingiza namba, nikajaza saa za kazi, nikaweka jina, anwani na simu, nikayarudia vilevile kila mahali mtandaoni palipokubali, kwa sababu nilisoma kwamba ramani hupenda mtu asiyejikanganya. Nikaweka na picha ya mama mdogo akimtibu Valentin kwa kiwiko. Ilionekana kama mieleka, na mama mdogo anashinda.

Tukatokea. Wa nane kati ya wanane. Waliotutangulia wote walikuwa na nyota na maoni ya wagonjwa. Sisi tulikuwa na Valentin.

"Kaka Valentin, andika mistari miwili tu. Kwamba mgongo umepata nafuu."

"Niweke jina langu?"

"Ndiyo, na jina lako."

"Kwenye ramani?" Alicheka kwa upole. "Petite, mdogo wangu, mimi nimeishi nchi nne. Zote nilikuwa najitahidi nisionekane kwenye ramani. Mwambie Daktari asante, nitamletea ndizi."

Na wagonjwa wengine wawili watatu waliokuwa wameanza kuja walikuwa na sababu zao kama hiyo, mmoja mambo ya karatasi, mmoja mume, mmoja mwenye nyumba. Watu wa mama mdogo walikuwa ndio hasa watu wasioacha majina. Siku zilibaki kumi na tatu.

Basi nikatengeneza wagonjwa wangu mwenyewe. Tuseme saba.

Majina niliyachukua shuleni, kwa kuwa nilikuwa nayo kichwani na wenyewe walikuwa mbali. Mtindo ulinisumbua zaidi. Sikuwahi kuandika tangazo, hivyo nikatafuta mfano wa matangazo yaliyofanikiwa Johannesburg. Sikwenda mbali. Kwenye kila robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, gari likisimama taa nyekundu, kuna mtu anayekupa kikaratasi, na kikaratasi hichohicho kimebandikwa kwenye kila nguzo ya taa kutoka kwetu hadi Hillbrow. Nikawaza kwamba mtu asingechapisha karatasi nyingi hivyo kama haziingizi wateja. Nikakusanya kumi na mbili nikazisoma kwa makini ya mtihani. Zote ziliahidi haraka, zote zilisema mtaalamu ametoka mbali, na zote zilikuwa na walioshuhudia.

Nikaandika, kwa Kiswahili na Kiingereza:

"Niliingia kwa magongo mawili. Nilitoka bila hata moja. Magongo tumepikia. Biubwa, Hillbrow."

"Shingo yangu haikugeuka kwa miaka kumi na tisa. Sasa naona hata wanaonisema nyuma." Huyo alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, ambaye kweli hakuwahi kugeuka, ndiyo maana nilimpenda.

"Madaktari watatu walishindwa. Mama huyu alinishika mara moja tu." Mpishi wa shule.

Na kadhalika. Kila mmoja nilimmalizia kwa maneno ya vikaratasi: matokeo ndani ya siku tatu, mtaalamu ametoka Tanga.

Mnaojua jinsi Tanga inavyosemwa huko nje kwa uganga mmeshaanza kucheka. Mimi nimezaliwa huko. Kwangu Tanga ni machungwa, baiskeli na shangazi zangu. Niliiweka kwa uzalendo.

Siku ya tatu, kama tulivyoahidi, mlango uligongwa. Aliingia bwana mmoja wa Kizanzibari, kofia safi, akitazama huku na huku kwa kuzungusha mwili mzima. Jina lake Mwadini, fundi simu wa Hillbrow.

"Asalaam aleikum. Ndo hapa kwa yule bibie wa Tanga?"

"Waaleikum salaam. Ndiyo hapa. Una miadi?"

"Miadi sina. Nina jirani." Akasogea karibu na mama mdogo, akashusha sauti. "Kafungua meza mbele yangu, bibie. Wateja wote wanaishia kwake. Skiza, sitaki afe. Mie mtu wa dini. Nataka tu awe anawaona wanapita."

Mama mdogo alimtazama shingo. "Kaka yangu, mimi natibu viungo."

"Hata viungo sawa. Vimuume kidogo."

"Vyako. Natibu vyako. Hebu geuza shingo uangalie mlango."

Mwadini aligeuza kiuno, mabega, na miguu.

"Shingo peke yake."

Haikugeuka. Miaka kumi na moja aliinamia simu za watu. Alilazwa kitandani akiwa bado anaeleza habari za jirani, na nyuma ya pazia maneno yakapungua, yakawa miguno, kisha kimya, kisha mkoromo. Alipotoka alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara.

"Na jirani?" nikamuuliza.

"Jirani gani?" akasema, akaomba siku nyingine ya kuja.

Kesho yake alifika Joséline, Mrundi, muuza parachichi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba umebanwa kwapani kushoto.

"Maman, bwana wangu amekwenda Durban. Miezi mitano. Simu haishiki. Nataka arudi."

"Pole sana, dada. Waume siwezi, nisikudanganye. Lakini huo mkono wa kulia hauendi juu tangu lini?"

"Achana na mkono, maman. Bwana kwanza."

"Tuanze na mkono. Huo uko hapa."

Joséline alifikiri kidogo, akaona kuna mantiki. Bega lilikuwa limeganda kwa kubeba masanduku, akakiri kwamba nywele anasukwa na jirani kwa huruma tu.

Wakaja wengine. Aliyetaka namba za bahati nasibu alikuwa na kifundo cha mguu kilichoungwa vibaya. Mmoja alileta jogoo mweupe. Mama mdogo alimrudishia jogoo, akalibakisha goti. Mama mdogo alimwambia kila mmoja wazi kile asichokiweza, na kila mmoja alikuwa na kitu kinachouma ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Akawa anachoka kwa furaha. Jioni, mlango ukishafungwa, alipika ugali huku akiimba.

"Mayasa," aliniuliza jioni moja, "mbona watu wananiuliza kama walete kitambaa chekundu?"

"Labda mambo ya usafi, ma'mdogo."

"Na yule aliyenong'ona na mpira wa mazoezi?"

"Huku kuna dini nyingi."

Aliniangalia. Mimi nikaiangalia sufuria.

Ijumaa ya mwisho ya Januari ikafika, na ngazi zilijaa. Nilihesabu tisa, wamekaa wawili wawili hadi chini kwenye mlango wa duka, Valentin katikati akiwagawia ndizi. Dona Lurdes alitoka na aproni yake ya unga, akatazama juu, akatabasamu kabla hajajizuia. Nilijihisi kama waziri anayezindua daraja.

Nyuma yangu, chumbani, nilimsikia Mwadini akiagana na mama mdogo.

"Nimekulipa ujira wako, lakini nimeona haitoshi, bibie. Nimekuandikia na maneno mazuri pale kwenye ramani, na jina langu kabisa. Hebu tazama. Ni haya hapa, chini ya huyu Bi. Biubwa."

"Biubwa yupi?"

Mimi nimesoma bweni, najua aina zote za maswali, na hilo lilikuwa lile la kukutwa na karatasi chini ya dawati. Nikaanza kudeki mahali palipokwisha dekiwa.

"Mayasa."

"Abee, ma'mdogo."

Alisimama mlangoni na simu ya Mwadini mkononi. "Bi. Biubwa amefika Johannesburg lini?"

"Sina hakika na tarehe."

"Kwa magongo. Bi. Biubwa, anayepanda mlima na ndoo kichwani akimkimbiza mwanafunzi." Akaendelea kusoma kwa sauti. Mwalimu wa fizikia. Mpishi. Mlezi wa kwaya. Watu wa kwenye ngazi walikuwa wameacha kula ndizi. "Matokeo ndani ya siku tatu. Ametoka Tanga." Akashusha simu. "Kumbe ndiyo kitambaa chekundu."

"Nilitaka tusihame."

"Najua ulichotaka. Nimekaa miaka minane ili mtu akisoma jina langu aamini. Kazi yangu hainiruhusu kujisifu hata kwa maneno ya kweli, Mayasa. Wewe umenisifu kwa ya uongo, ukanibandika nguzoni pamoja na waganga wanaorudisha wapenzi." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Waambie."

"Nani?"

"Wote hawa. Na Dona pia. Kwa lugha wanayoielewa."

Nilimtazama Dona Lurdes pale chini, na kile chumba nyuma yangu, na sanduku. Nikimwambia, anaweza kukichukua chumba leo hii. Mama mdogo alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na bado alikuwa anasubiri.

Nikapanda juu ya kigoda changu cha ukurugenzi, nikasema kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza kwamba wagonjwa saba wa kwenye ramani ni uongo, niliwatunga mimi, na kwamba Masika Shemhilu hajawahi kumponya mtu ndani ya siku tatu wala hawezi kufanya chochote kuhusu Durban.

Kisha Joséline alisimama. Akaunyanyua mkono wake wa kulia polepole, ukapita bega, ukapita sikio, hadi vidole vikagusa taa ya kwenye ngazi.

"Bwana hajarudi," akasema. "Huyu maman aliniambia siku ya kwanza: waume siwezi. Nilisikia. Narudi kwa ajili ya mkono."

"Kwani sie watoto?" Mwadini akasema akiwa nyuma ya mama mdogo. "Aliyekataa jogoo, mtu huyo mganga kweli?"

Valentin alimfafanulia Dona Lurdes yale ya Kiswahili. Dona alisikiliza huku amekunja mikono, akatikisa kichwa.

"Mimi nilisema nataka watu kwenye ngazi. Sikusema waje kwa nini. Tatuu akachore jikoni kwa mama yake." Kisha akaanza kupanda, ngazi moja moja, mguu mmoja ukitangulia kila mara na mwingine ukiufuata, mkono umeng'ang'ania reli. Mama mdogo akawa anamtazama hivyo hadi alipofika juu.

"Goti hilo tangu lini, Dona?"

"Goti gani?"

"Kaa. Wewe ni wa kumi."

Nikadhani yamekwisha. Lakini mama mdogo alinigeukia, akanyoosha kidole kwenye simu yangu. "Futa. Mbele yangu."

Nilifuta. Ilichukua muda, kwa sababu nilikuwa nimewafungulia wote saba akaunti, kila mmoja na nywila yake, na mpishi nilikuwa nimesahau yake. Bi. Biubwa alikuwa wa mwisho. Mama mdogo akafuatilia kwenye simu ya Mwadini, akihesabu.

"Saba. Limebaki jina la Mwadini. Na hili." Akaisogeza simu karibu na macho. "'Bakiri, Turffontein. Nyota nne.' Sina mgonjwa anayeitwa Bakiri. Kuna Bakiri hapa?"

Hapakuwa na Bakiri. Nami ghafla nikaona ndoo inahitaji kumwagwa.

Akasoma, kwa sauti iliyoanza imara. "'Huwavua wazee viatu mwenyewe, amepiga magoti. Hamwambii mtu kwamba hana nafasi. Jioni akishafunga mlango huketi peke yake na kujikanda mikono, maana hakuna wa kumkanda. Nyota ya tano nimeizuia mpaka apumzike.'"

Alimaliza kusoma, lakini hakuiondoa simu usoni.

"Ikiwa mlango ulikuwa umefungwa," akasema, "basi huyu alikuwa ndani."

"Huenda."

"Na jioni ndani huwa kuna mimi na mtu mmoja anayedeki."

Nimewahi kukamatwa nikisema uongo mara nyingi, na nina hotuba za kutosha kwa shughuli hiyo. Sikuwahi kukamatwa nikisema kweli.

"Bakiri ni mimi, ma'mdogo."

Akanivuta kwa sikio hadi kifuani kwake, mbele ya watu wote, na mikono yake ilinuka mafuta ya karafuu.

"Na kengele?" akaniuliza juu ya kichwa changu.

"Na kengele pia."